Boléro ya Ravel kwenye santuri: kumbukumbu ya mradi wangu

Jedwali langu la rekodi za Boléro ya Maurice Ravel sasa linaanzia Januari 1930, ziliporekodiwa zile za kwanza kabisa, na linafika kwenye CD za miaka ya 1990. Kwa kila rekodi ninaandika mambo matatu: inachukua muda gani, mwendo wake unabadilika wapi, na ngoma ndogo inasikikaje pale mwanzoni. Hilo la tatu nililiongeza kazi ikiwa imeshashika kasi, na sasa ndilo linaloongoza mradi mzima.

Kwa ambaye hajaisikia, au ameisikia kwenye matangazo tu bila kujua jina: Ravel aliitunga mwaka 1928 kwa ajili ya mcheza dansi Ida Rubinstein, ikapigwa mara ya kwanza katika Opera ya Paris tarehe 22 Novemba mwaka huo huo. Ngoma ndogo inaanza mdundo mmoja, chinichini kabisa, na haiuachi tena. Unarudiwa mara 169. Juu ya mdundo huo nyimbo mbili zinapokezana, filimbi inaipa klarineti, klarineti inaipa basuni, zinakuja saksafoni, inakuja tromboni, mpaka okestra nzima inanguruma. Karibu na mwisho muziki unahama kutoka noti ya msingi C kwenda E kwa vipimo 8 tu (kipimo ni kifungu kidogo cha mapigo, hapa matatu), unarudi, kisha kila kitu kinaanguka kwa pamoja. Katika muda wote huo hakuna kinachokua isipokuwa sauti.

Ravel mwenyewe alimwambia mwandishi mmoja mwaka 1931 kuwa ni kazi ya dakika 17 iliyofumwa kwa okestra tupu, bila muziki ndani yake. Wako wanaoichukulia kauli hiyo kuwa ruhusa ya kuiweka kwenye kapu la muziki mwepesi na kuisahau. Mimi naona kinyume. Kazi inayotegemea mambo mawili tu, mwendo usiotikisika na sauti inayopanda polepole bila kukatika, ndiyo mtihani mgumu kuliko yote ambao mashine ya kurekodi imewahi kupewa. Maana mashine za zamani hazikuweza lolote kati ya hayo mawili.

Hesabu ya mwendo

Nota zina vipimo 340, kila kimoja mapigo matatu, jumla mapigo 1020. Hii ni zawadi kubwa kwa mtu anayepima, kwa sababu ukijua rekodi imechukua dakika ngapi umeshajua wastani wa mwendo wake. Dakika 17 alizozitaja Ravel ni mapigo 60 kwa dakika sawasawa, yaani pigo moja kwa kila sekunde. Kwenye nakala yake ya nota, alama ya metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo kwa dakika) iliyochapwa ni 76, nayo imekatwa ikaandikwa 66. Matoleo ya baadaye yanasema 72. Kwa 76 kazi inaisha katika dakika 13 na nusu hivi. Kwa 66 inakaribia dakika 15 na nusu. Tofauti ya dakika mbili kwa kalamu moja ya mtunzi.

Januari 1930

Hapa nimekaa muda mrefu kuliko kipindi kingine chochote, na sijutii.

Rekodi ya kwanza iliongozwa na Piero Coppola, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Paris kwa tawi la Ufaransa la Gramophone Company. Coppola ameacha maelezo ya siku hiyo. Anasema Ravel hakumwamini. Aliogopa kuwa hulka ya mtu wa Mediterania ingempanda akaukimbiza mwendo. Okestra ilikusanywa Salle Pleyel, ukumbi wa muziki wa Paris, Ravel akaketi kando yake. Mambo yakaenda vizuri mpaka sehemu ya mwisho, ambapo Coppola, bila kukusudia, aliongeza kasi kidogo tu. Ravel akaruka kutoka kitini, akamvuta koti, akamwambia asiende mbio hivyo. Ikabidi warudie.

Ndani ya mwezi huo huo Ravel naye akaingia kurekodi, akiongoza Okestra ya Lamoureux kwa kampuni ya Polydor. Ya Coppola ina dakika 15 na sekunde 40 hivi, ya Ravel inakaribia 16. Ukigawanya, unapata mapigo 65 na 64. Hizo ndizo namba za mtu aliyekata 76 akaandika 66, na ndiyo maana nazitumia kama kipimo cha kulinganishia rekodi zote zilizofuata.

Lakini fikiria santuri za wakati ule. Sahani ya inchi 12, inayozunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba kama dakika nne hadi nne na nusu kwa upande. Boléro ilihitaji pande nne. Na kwa kuwa utepe wa sumaku ulikuwa haujafika studio, kila upande ulipigwa na kurekodiwa peke yake: okestra inapiga mpaka sahani ya nta inayochorwa sauti inaelekea kujaa, inasimama, nta nyingine inawekwa, wanaanza tena. Kazi ambayo uzima wake ni kutosimama ilisimamishwa mara tatu. Mpiga ngoma alipaswa kuingia upande wa tatu kwa mwendo ule ule na sauti ile ile aliyoiacha mwisho wa upande wa pili. Nikisikiliza pale pande zinapounganishwa, nikiwa na hedifoni na metronomu ya simu, namheshimu mtu huyo ambaye jina lake halikuandikwa popote kwenye lebo.

Gramophone Company ile ile, yenye mbwa na santuri kwenye lebo, ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Taarabu yake nayo ilibanwa ndani ya dakika chache za upande mmoja. Kila ninaposoma kuhusu Salle Pleyel namkumbuka, kwa sababu ukuta uliowazuia ni ule ule.

Kuhakikisha santuri inazunguka sawasawa

Swali ambalo watu wameniuliza sana: utajuaje kuwa dakika hizo ni za kweli, wakati santuri iliyohamishiwa kwenye kompyuta inaweza kuwa ilizungushwa taratibu au haraka? Jibu ni kusikiliza C. Kwenye santuri, kasi na kimo cha sauti havitenganishwi. Sahani ikizunguka polepole kwa asilimia 6, muziki unashuka karibu nusu toni nzima na muda unarefuka kwa kiasi hicho. Basi kabla ya kupima lolote naangalia kama noti ya msingi iko pale inapotakiwa kuwa, kisha natoa sekunde za ukimya kwenye maungio. Faili ambalo halipiti mtihani huu haliingii kwenye jedwali.

Waliokimbia na waliotembea

Mwaka huo huo wa 1930 walirekodi pia Serge Koussevitzky akiwa na okestra ya Boston na Willem Mengelberg akiwa na Concertgebouw ya Amsterdam. Arturo Toscanini alikuwa ameshaipiga New York Novemba 1929 na watu wakapagawa. Alipoileta Paris Mei 1930, Ravel alikuwepo ukumbini. Mwendo ulikuwa wa kasi mno kwake, akakataa kusimama kupokea makofi. Naamini tukio hilo moja ndilo lililogawa wafuasi wa Boléro mpaka leo.

Anayeongoza kwa kasi jedwalini ni Leopold Stokowski na okestra yake ya vijana wa Marekani, 1940: dakika 12 na kidogo, yaani mapigo kama 84. Inasisimua, na inapoteza kila kitu, kwa sababu sauti haipati nafasi ya kupanda. Inarushwa tu juu. Upande wa pili yuko Mreno Pedro de Freitas Branco, miaka ya 1950, aliyevuka dakika 18. Nilitarajia ingelala. Hailali hata kidogo. Ngoma inakuwa nzito kama hatua za watu waliobeba mzigo, na unapofika mwisho umechoka nao.

Anayenivutia kuliko wote ni Charles Munch. Boston, 1956, anamaliza chini ya dakika 14. Mwaka 1968, mwaka aliofariki, akiwa na Orchestre de Paris, anavuka 17. Ni mtu mmoja na nota zile zile. Nimezisikiliza moja baada ya nyingine, na kwangu ya 1968 ndiyo yenye hofu ndani yake.

LP na tatizo la mwisho

LP, santuri ya muda mrefu, ilipokuja mwaka 1948, upande mmoja ukatosha kubeba kazi yote na kubaki na nafasi. Kukatwa kukaisha. Likaja jingine: sindano inavyokaribia katikati ya sahani, njia inayopita kwa kila mzunguko inakuwa fupi, hivyo mawimbi ya sauti yanasongamana na ubora unashuka. Na Boléro ina kelele zake zote mwishoni kabisa, pale pale ambapo LP ni dhaifu. Kampuni ya Tacet ya Ujerumani ililitatua kwa namna niipendayo sana: ilitoa LP inayochezwa kutoka ndani kwenda nje, sindano ikianzia katikati, ikaiita oreloB, yaani Boléro kinyumenyume. Mwanzo mnyamavu unakaa kwenye mfuo mbaya na mwisho mkubwa unapata mfuo mzuri. Ni fikra sahihi kabisa kwa kazi hii.

CD na tatizo la mwanzo

Hapa ndipo safu ya tatu ya jedwali langu ilipozaliwa. Kwenye santuri za 1930, ngoma ya mwanzo inagombana na mkwaruzo wa sindano. Wahandisi hawakuwa na budi kuiinua isikike, na mwisho kuupunguza ili sindano isiruke. Mlima ukawa kilima. CD, iliyoanza kuuzwa 1982, ina nafasi ya takribani desibeli 96 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya ukimya na kelele, na kwa mara ya kwanza ngoma inaweza kuanza mbali kweli, kama Ravel alivyoandika. Rekodi ya Claudio Abbado na London Symphony, 1985, inaitumia nafasi hiyo vizuri. Kwenye kilele wanamuziki wenyewe wanapiga ukelele, na ukelele huo uliachwa ndani ya rekodi.

Nimeiandikia mstari wake pia rekodi iliyofupishwa kwa ajili ya Jayne Torvill na Christopher Dean, Waingereza waliocheza dansi kwenye barafu katika Olimpiki ya Sarajevo, Februari 1984. Sheria ya mashindano iliruhusu dakika 4 na sekunde 10. Muziki ulikuwa na 4 na sekunde 28. Wakaanza wakiwa wamepiga magoti, kwa kuwa saa ilihesabu tangu kiatu kigusapo barafu. Majaji wote tisa waliwapa 6.0, alama ya juu kabisa, kwa usanii. Dakika hizo nne ni sawa na upande mmoja wa santuri ya Coppola.

Kinachofuata

Nyimbo mbili za Boléro zinapigwa jumla mara 18. Ninataka kupima ukubwa wa sauti katika kila mojawapo ya hizo 18, kwa kila rekodi, nichore mstari wa kupanda wa Coppola, wa Ravel, wa Munch zote mbili na wa Abbado kwenye karatasi moja. Baada ya hapo naingia kwa Pierre Boulez na Berlin, 1993, kisha Jos van Immerseel na Anima Eterna, waliotumia ala za enzi ya Ravel. Mwenye LP ya Freitas Branco iliyo safi, isiyo na mikwaruzo pale mwanzoni, anitafute. Hiyo ndiyo inayokwamisha mchoro.