Mzee kafariki kaacha shotigani, nani anairithi?

Kila ikikaribia Septemba, mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga kwa msamaha wa silaha haramu, tunasikia matangazo ya kusalimisha bunduki kwa hiari na wengi tunadhani wanaambiwa majambazi. Jambazi gani atabeba mtutu wake aupeleke kituoni bana? Mi naona lile tangazo linawahusu zaidi wajane na watoto wa marehemu.

Iko hivi, hapa Tanzania kwa hii Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyofuta ile ya 1991, leseni ni ya mtu, sio ya ukoo. Mzee ndo alijadiliwa kuanzia serikali ya mtaa, kamati za ulinzi na usalama mpaka polisi, wakaangalia tabia yake na sababu zake za kutaka silaha. Wewe uliyebaki na funguo za kabati hujajadiliwa na mtu yeyote! Unaitaka? Omba upya kwa jina lako, na unaweza kunyimwa vilevile.

Sasa nenda kwenye vikao vya arobaini. Mashamba yanagawanywa, ng'ombe wanagawanywa, ikifika kwenye bunduki utasikia "hiyo abaki nayo kaka mkubwa" na kikao kinaendelea na chai. Kwetu ilisemwa hivyohivyo, bahati nzuri shangazi (huyu mama angekuwa hakimu) akauliza leseni ina jina la nani, ikabidi msimamizi wa mirathi aende polisi.

Vijijini ndo balaa zaidi, kuna magobore yamefuliwa na wahunzi, babu alikuwa anafukuzia nguruwe shambani, halina namba wala halijawahi kuandikwa popote, hata uhakiki wa silaha wa 2016 ulilipita. Mwenye gobore la hivyo kipindi cha msamaha ndo mlango wake, analipeleka polisi au kwa mtendaji na hashtakiwi, nje ya hapo ni kesi ya kumiliki silaha bila kibali, na "nilirithi" sio utetezi.

Mi ningependa RITA, wale wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wakisajili kifo cha mwenye silaha basi polisi wajue hapohapo, maana saa hizi tunategemea familia iliyofiwa ikumbuke yenyewe. Na kama ipo ndani kwenu usiibebe kwenye daladala, piga kwanza kituoni uulize wanaipokeaje, na risasi zote ziende nayo.