Jinsi nilivyopinga hukumu iliyotolewa nisipokuwapo mahakamani

Jioni moja, niliporudi nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi, nilikuta hati ya mjumbe wa mahakama ikitangaza kwamba mali yangu itakamatwa kwa deni ambalo nilikuwa nimekwisha kulilipa, kwa kufuata hukumu iliyotolewa nisipokuwapo. Nilimwendea mdai, kisha nikamwandikia barua mkuu wa mahakama. Hakuna kilichosimama, na siku zilikuwa zinapita.

Kilichofaa ni opozisyo, yaani pingamizi ambalo sheria ya Kongo ya mwenendo wa kesi za madai ya mwaka 1960 inampa aliyehukumiwa bila kuwapo, ndani ya siku 15. Mwanzoni ilionekana muda umekwisha. Ndipo wakili wangu alipoomba nakala ya hati ya kuarifu hukumu, akasoma mstari wa chini kabisa: ilikuwa imepokelewa na jirani, katika Kenya, komini (mtaa) nyingine ya hapa Lubumbashi, nilikohama zamani. Mstari huo ndio ulioniokoa, kwa sababu hati isipokabidhiwa mhusika mwenyewe, siku 15 huhesabiwa tangu alipopata habari yake. Nawaomba sana, someni jina la aliyepokea kabla ya kuhesabu tarehe.

Tuliwasilisha opozisyo siku ya tisa, tukieleza kwa ufupi sababu zetu na kuambatanisha risiti za malipo. Ukamataji ulisimama, kwa kuwa hukumu haikuwa na amri ya kutekelezwa papo hapo. Sikukosa kikao hata kimoja, maana anayekosa tena hapewi opozisyo ya pili. Wiki iliyopita hukumu ile ilifutwa.