Ninachokiona sasa katika constructor

Leo nimeshinda na sifa moja tu ya objekti za JavaScript, lugha ya programu: `constructor`, na kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunaipa uzito usio wake. Tunaisoma kama cheti cha kuzaliwa cha objekti, kinachotaja fanksheni iliyoiunda. Sicho.

Chukua fanksheni `Chombo`. Ikishaandikwa tu, JavaScript huiundia objekti ya pembeni iitwayo prototaipu, `Chombo.prototype`, na ndani yake huweka `constructor` inayoelekeza kwa `Chombo`. Ukiita `new Chombo()`, objekti inayotoka haipewi sifa hiyo. Ukiiulizia, swali hupanda hadi kwenye prototaipu, na huko ndiko jibu linakotoka.

Kwenye urithi mambo yanakolea. Tuseme fanksheni ya pili, `Meli`, irithi kutoka `Chombo`. Andika `Meli.prototype = Object.create(Chombo.prototype)`: prototaipu ya awali ya `Meli` imekwenda na `constructor` yake. Hii mpya haina ya kwake, basi `new Meli().constructor` hupanda ngazi moja zaidi na kurudi na `Chombo`. Lugha haijakosea, imefuata kanuni ileile. `instanceof`, inayopima kama objekti ni ya aina fulani, nayo haitikisiki, maana haiangalii `constructor` hata kidogo; hupanda mnyororo wa prototaipu ikitafuta `Meli.prototype`. Ndiyo maana naiamini zaidi.

Brendan Eich alipoiunda lugha hii mwaka 1995, wazo la prototaipu alilitoa kwenye Self, lugha isiyo na klasi (ramani za kuundia objekti) kabisa: objekti hurithi kutoka objekti nyingine, basi. `new` iliongezwa juu yake ili JavaScript ifanane na Java. Nikilikumbuka hilo, tabia ya `constructor` hainishangazi tena.

Dawa inayojulikana ni `Meli.prototype.constructor = Meli`. Inafaa, ila sifa iliyowekwa hivyo hujitokeza kwenye `for...in`, kitanzi kinachopitia sifa za objekti, wakati ile ya asili haionekani; hivyo `Object.defineProperty`, inayoweza kuiweka bila kuonekana huko, ni safi zaidi. Tangu 2015, `class` na `extends` hulimaliza suala hili zenyewe.

Hata hivyo siwezi kusema sifa hii ipuuzwe. Ukiwa na `class Orodha extends Array`, `map`, mbinu ya safu inayotengeneza safu mpya, husoma `constructor` ili ijue itengeneze safu ya aina gani, na ndiyo sababu unarudishiwa `Orodha`. Badilisha `Orodha.prototype.constructor` iwe `Array`, na `map` itakurudishia safu ya kawaida, isiyo na hata mbinu moja uliyoiandika, bila kosa lolote kutangazwa.