Siku moja maishani mwangu: mtu wa usingizi na uvimbe wa uti wa mgongo

Saa 11 alfajiri niko Kimara, Dar es Salaam, nagombania basi la mwendokasi. Natelemka kituo cha Fire, naingia Upanga kwa miguu hadi hospitali. Kazi yangu ni dawa za usingizi.

Saa 12:30 niko wodini. Mgonjwa ni mvulana wa miaka 6, kilo 18. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Bibi yake ananisimulia: mtoto alikuwa akiamka usiku analia mgongo, mchana anacheza na wenzake. Wakasema minyoo, wakasema ameanguka. Baadaye akaanza kujikwaa, kisha kujikojolea ilhali alishaacha. Ndipo akapigwa picha ya MRI, ukaonekana uvimbe ndani ya uti wa mgongo.

Hiyo "mchana anacheza" ndiyo inayowapoteza wengi. Uvimbe huu ni nadra, na mgongo wa mtoto ukiuma huku kwetu huwazwa kwanza TB ya mifupa, tena si kwa kukosea. Ila maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, miguu nayo inalegea, yanataka picha.

Saa 2 namlaza. Saa 3 tunamgeuza kifudifudi: nakagua macho yasibanwe, pua, magoti. Kuna wanaodhani tukishalaza tunakaa kuchati! Damu yote ya mtoto huyu haijazi chupa kubwa ya maji ya lita moja na nusu, kwa hiyo kila kitambaa kinachotoka nakiangalia. Dawa ya kulegeza misuli nilimpa ya muda mfupi tu wakati wa kuingiza mpira wa hewa. Baada ya hapo marufuku, kwa sababu mtaalamu anarusha umeme mdogo kichwani na kusubiri misuli ya miguu ijibu, kuona kama uti bado unapitisha ujumbe. Gesi ya usingizi nayo hufifisha majibu hayo, hivyo usingizi wote unapita kwenye mshipa.

Saa 5 daktari bingwa ameshainua mifupa ya nyuma ya pingili na kufungua uti wenyewe katikati. Anafanya kazi chini ya hadubini, kwa kifaa kinachovunja uvimbe kwa mawimbi ya sauti na kuufyonza.

Saa 6:30 majibu ya mguu wa kushoto yanashuka. Mikono yote inasimama. Wanamwagia maji ya uvuguvugu, mimi napandisha presha. Tunangoja. Yanarudi, taratibu.

Kipande kilichong'ang'ania uti kinaachwa. Astrositoma, aina ya uvimbe aliyo nayo, kwa watoto nyingi hukua polepole. Afadhali kibaki kifuatiliwe kwa MRI kuliko mguu uende. Mifupa inarudishwa mahali pake, maana mgongo wa mtoto bado unakua na unaweza kupinda.

Saa 9:30 alasiri anafumbua macho. "Chezesha vidole, baba." Kulia vinacheza. Kushoto kidole gumba tu.

"Atatembea?" bibi ananiuliza mlangoni ICU. Namwambia ukweli: mguu unaweza kuwa dhaifu zaidi wiki za mwanzo kuliko alivyoingia, na fiziotherapia isikosekane. Lakini mtoto huyu aliingia kwa miguu yake, na anayeingia anatembea ndiye mwenye nafasi kubwa ya kutoka anatembea.

Saa 11 jioni orodha ya kesho imeshabandikwa: kichwa kikubwa wawili, mgongo wazi mmoja.