Joka la Partrishow

Mwezi Oktoba mwaka 2009, nilipokuwa mwanafunzi Cardiff, nilipanda kwa miguu njia nyembamba ya bonde la Grwyne Fawr, kaskazini mwa mji wa Abergavenny nchini Wales, nikilitafuta kanisa dogo la Mtakatifu Issui huko Partrishow. Baba yangu, aliyekuwa seremala, alifariki mwaka huo nami sikuweza kwenda kumzika. Mwalimu wangu mmoja alinisihi nisirudi nyumbani kabla ya kuiona kazi ya mbao iliyomo humo.

Kanisa liko kwenye mteremko wa mlima, na chini yake kuna kisima cha mtakatifu huyo, ambaye yasimuliwa kwamba aliuawa na msafiri ambaye yeye mtakatifu ndiye aliyempa hifadhi. Mlango ulikuwa wazi, na ndani bibi mmoja alikuwa akibadilisha maua.

Mbele yangu kilisimama kiambaza cha mwaloni, kinachotenga waumini na sehemu ya madhabahu kuu, kilichochongwa yapata mwaka 1500, kikibeba roshani iliyokatiza kanisa kutoka ukuta hadi ukuta, yenye paneli zilizotobolewa mithili ya kimia. Mwaka 1561, katika mageuzi ya Kiprotestanti, serikali ya Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza iliagiza roshani za namna hiyo zishushwe, na nyingi mno zikapotea. Hii ilisalia, pamoja na altare za mawe zilizo mbele yake, nami naamini iliokolewa na ugumu wa njia ile niliyokuwa nimeipanda. Kwenye boriti mzabibu umetambaa, jani kwa jani, na huku mwisho joka limeukamata shina kwa kinywa, linaumeza. Nililitazama muda mrefu. Baba alikuwa na desturi ya kupitisha kidole gumba juu ya mbao kabla hajasema neno lolote kuihusu, nami nikamwomba bibi yule ruhusa nifanye vivyo hivyo. Alifikiri kidogo, kisha akanionyesha mhimili wa mlangoni, ambao mikono ya waumini ilikuwa imekwisha kuulainisha.

Beseni la ubatizo, lenye maandishi ya Kilatini yasemayo kuwa Menhir alilitengeneza enzi za mtawala Genillin, yaani karne ya 11, nilipita karibu bila kulitazama, kwa maana ukutani nilikwisha kuona kiunzi cha mifupa kilichochorwa kwa rangi nyekundu, kimeshika saa ya mchanga, mundu na koleo. Bibi alinieleza kwamba watu walikipaka chokaa mara nyingi, nacho kikazidi kujitokeza. Hapo machozi yalinitoka, nikamweleza habari za baba.

Hakunipa pole kwa maneno mengi. Alichukua karatasi ya maombi ya Jumapili, akaniuliza jina la marehemu, nami nikamtajia herufi moja baada ya nyingine huku akiandika.