Jinsi nilivyopata tena mazungumzo na baba

Kwa miaka mitatu, simu zangu na baba hazikuzidi dakika mbili. Mimi niko Dar es Salaam, yeye yuko Muheza na michungwa yake. "Shikamoo baba." "Marahaba, hamjambo huko?" "Hatujambo." Kimya. "Haya, wasalimie wote." Nikikata, moyo unauma.

Nilijaribu kupiga kila siku. Tukawa tunarudia salamu zilezile. Nikajaribu simu ya video, akawa anahangaika na kioo. Nikaandika maswali kwenye karatasi, ikawa kama mahojiano ya polisi.

Kilichosaidia kilianza na mche. Nilipanda mlimao uani, nikamwomba anifundishe kuubebesha mchungwa, yaani kuunganisha kijiti cha mchungwa kwenye shina la mlimao. Safari hii sikupigia ndani ya daladala, wala siku ya kumtumia hela. Nilipiga baada ya Isha, nimekaa. Akanieleza kikonyo, yaani hicho kijiti, kichukuliwe kwenye tawi gani, kisu kiwe kikali kiasi gani, na pale pa kuunganisha pafungwe nailoni maji yasiingie.

Alipomaliza nikataka kusema "sawa baba, asante", kama kawaida yangu. Nikajizuia. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka tano. Nilipofika nne akasema, taratibu, "Babu yako ndiye aliyenionyesha. Nilikuwa na miaka kumi." Tukaongea dakika arobaini.

Zile sekunde tano ndizo nilizokuwa nikimnyima. Mzee hufikia neno lake polepole, nami nilikuwa nalifungia mlango kabla halijatoka.

Jana kapiga mwenyewe: "Mche umeshika?"