Jinsi nilivyopunguza safari za mkono kati ya kibodi na kipanya

Duka moja la jumla la Kikuubo, hapa Kampala, liliniita nirekebishe programu yao ya mauzo. Shida ilikuwa foleni. Nilisimama nyuma ya keshia nikamtazama: anaandika idadi, anaacha kibodi, anashika kipanya, anabofya "Ongeza", anarudi kwenye kibodi. Kila bidhaa ni hivyo hivyo, na wateja wa kutoka Kongo hununua vitu vingi kwa risiti moja.

Nilianza na mpangilio wa Tab, kitufe cha kibodi kinachohamisha kishale cha kuandikia kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, kwa kuwa kishale kilikuwa kinaruka ovyo kutoka jina la bidhaa hadi punguzo. Sasa kinapita bidhaa, idadi, bei. Enter inaongeza mstari na kukirudisha kwenye bidhaa. F2 ni kutafuta, F9 kulipa. Ctrl+N na Ctrl+W sikuzigusa kabisa: programu inaendeshwa ndani ya kivinjari cha Chrome, ambacho huzitumia chenyewe kufungua dirisha jipya na kufunga kichupo. Ningezipa kazi, keshia angeweza kupoteza mauzo yote katikati ya hesabu!

Vitufe vya kubofya kwenye skrini sikuviondoa. Mama mwenye duka hufungua ripoti jioni tu. Hana sababu ya kukariri mikato ya kibodi kama F2 na F9. Nilivikuza, kisha nikaandika mkato ndani ya kila kitufe: "Lipa – F9". Keshia mpya hujifunza hapo hapo akiwa kazini. Kufuta risiti nimekuacha kwa kipanya peke yake, tena baada ya kuulizwa mara ya pili, na mama alilipenda hilo kuliko yote.